Nilisema Nina Malaria

Naanza na uongo wangu mwenyewe, halafu mimi na wewe tuuweke kwenye mizani tuone kama ulikuwa dhambi.

Huu ni mwaka wa nne nauza vitambaa katika duka moja la Kariakoo, Dar es Salaam. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka yale ya kuyasoma huku umeshika ukuta, nikaingia mtaani kama wenzangu wengi. Mchana napima mita, usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Bosi wangu ni mtu mzima, tunamwita Mzee, na si mtu mbaya. Hilo naomba ulishike tangu sasa, kwa sababu kama angekuwa katili, makala hii ingekuwa rahisi mno kuiandika.

Asubuhi moja ya mwezi Machi, mwaka wangu wa tatu pale dukani, nilifika kazini nimechelewa saa mbili nzima. Nilikuwa mwezini, siku ya pili, na siku ya pili kwangu ni mafuriko. Alfajiri niliamka nimeshaharibu shuka. Nikafua, nikaoga, nikavaa, nikatoka. Nimesimama kituoni nasubiri daladala, nikahisi nimeharibu tena. Nikageuza. Nikaoga upya, nikavaa upya, nikatoka upya. Mzee akaniuliza, "Binti, kulikoni leo?"

Nikasema, "Nina malaria, Mzee."

Uso wake ukabadilika. Akafungua droo ya pesa, akatoa noti ya shilingi elfu kumi. "Nenda kapime, unywe dawa. Kesho ukijisikia nafuu uje." Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaondoka. Nikanunua pakiti tatu za pedi kwa shilingi 2,500 kila moja, na chenji ikawa nauli. Yaani malaria ya uongo ndiyo iliyonunua pedi za kweli.

Usiku ule sikuandika riwaya. Nililala chali nikijiuliza swali moja: kwa nini ugonjwa nisiokuwa nao ulistahili elfu kumi na huruma juu, na hali niliyokuwa nayo nisingethubutu hata kuitaja? Malaria huletwa na mbu, na hakuna binadamu anayemwonea aibu mbu. Damu yangu je, imeletwa na nani hata nimwonee aibu?

Kwanza niwaeleze wenzangu wa kiume, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waganga wanasema katika hedhi ya kawaida mwanamke hupoteza wastani wa mililita 30 hadi 40 za damu kwa siku zote, yaani vijiko vya chakula viwili au vitatu hivi. Ikizidi mililita 80 inahesabiwa kuwa nyingi kupita kiasi. Lakini nani anapima damu yake kwa kijiko? Ndiyo maana siku hizi wanauliza maisha yenyewe: je, unabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu? Inapita siku saba? Inakuzuia kufanya shughuli zako? Ukijibu ndiyo, basi hiyo si "mambo ya kike" ya kuvumilia tu. Ni jambo la kupeleka kwa daktari.

Mimi nilikuwa najibu ndiyo kwa yote, na kila mwezi nilikuwa napanda ngazi. Naam, ngazi. Dukani kwetu majora yamepangwa mpaka darini, na mteja hapendi la chini. "Dada, hebu nishushie lile la kule juu, la zambarau." Unapanda na jora la satini begani, mteja yuko chini anatazama juu, na wewe moyoni unasoma kila dua unayoijua. Nilikuwa navaa pedi mbili, juu yake kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne, juu yake taiti, juu ya yote baibui jeusi. Watu walinisifu kwa kujistiri. Wengine wakasema nimekuwa mcha Mungu zaidi. Kumbe nyeusi haionyeshi doa, basi.

Choo kiko ghorofa ya kwanza, tunachangia maduka manane, na ufunguo wetu ulikuwa unakaa katika ile droo ya pesa. Ukitaka kwenda unamwomba Mzee. Mara ya kwanza anakupa bila neno. Mara ya pili anakutazama. Mara ya tatu anatazama saa. Ya nne anasema, kwa utani, "Binti, umekunywa bahari?" na vijana wa kubeba mizigo wanacheka. Sasa fanya hesabu: mtu anayepaswa kubadilisha kila baada ya saa mbili, akiwa kazini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ataomba ufunguo mara ngapi? Mimi nilijikaza kisabuni, nikaomba mara mbili tu. Saa zilizobaki nilisimama, maana kukaa ni kujitia kitanzi.

Kule chooni ndoo ya maji ilikuwepo, kopo lilikuwepo. Chombo cha taka hakikuwepo. Iliyotumika nilikuwa naifunga kwenye gazeti, naitia mkobani, nasafiri nayo mpaka nyumbani. Zamani kulikuwa na mfuko mweusi wa nailoni wa kuficha kila kitu, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na kwa mazingira ni jambo jema. Basi mkoba wangu ulibeba gazeti lile pamoja na kurasa za riwaya yangu. Fikiria: mwandishi wa kesho, na kazi yake ya sanaa imelala ubavuni mwa siri yake.

Sasa tuje kwenye falsafa, ambayo ndiyo iliyonileta ukurasa huu.

Kiswahili chetu kina utajiri hapa, na naona tunautumia ovyo. Kuna *haya*, ambayo ni mlinzi aliye ndani yangu mimi. Ndiyo inayonifanya nifunge mlango ninapooga. Kuna *aibu*, ambayo huja macho ya watu yanapoingia. Kuna *fedheha*, pale mtu anapokufunua mbele za watu. Na kuna *sitara*, lile pazia jema linaloteremshwa juu ya jambo ili utu usivunjike. Wengi tunayachanganya yote manne katika sufuria moja, tunayaita heshima.

Nilipovunja ungo nilikabidhiwa kwa somo yangu, mama mmoja wa makamo, jirani yetu. Alinifundisha mengi mazuri: kuhesabu siku, kujisafisha kwa maji, kutolala na kitambaa kimoja kutwa, kufua kwa maji baridi kwa sababu maji ya moto hulifanya doa lishike. Kisha akasema kitambaa kile asikione mwanamume yeyote, si baba, si kaka, na nikiolewa hata mume. Nikauliza, "Nianike wapi?" Akasema, "Chini ya kanga nyingine." Miaka mingi baadaye, muuguzi wa zahanati aliniambia kitambaa cha namna ile kinahitaji jua kali na kikauke kabisa kabla hakijatumika tena, kwani unyevu huleta madhara. Hata jua tulilinyima kazi yake kwa ajili ya aibu!

Au chukua Ramadhani. Dini imesema wazi kwamba mwanamke aliye mwezini hafungi, atazilipa siku zake baadaye. Hukumu hii si siri. Kila kaka aliyepita madrasa anaijua. Lakini nyumbani kwetu dada zangu na mimi tulikunywa uji nyuma ya mlango, kikombe chini ya upande wa kanga, ili kaka zetu wasione. Tuliamka daku pamoja nao, tukajifanya tumefunga. Ruhusa imetolewa hadharani, anayeitumia anajificha. Hapo haya iko wapi, na aibu imeanzia wapi?

Nilikuwa na utetezi wangu, na niliuamini. Nilisema hivi: mwili ni wangu. Mtu akiniuliza jambo la mwilini mwangu lisilomhusu, simdai wala hanidai. Kama simdanganyi katika mita wala katika pesa, basi "malaria" ni pazia tu nililoteremsha mlangoni kwangu. Uongo ni pale unapomdhulumu mtu haki yake ya kujua. Mzee ana haki gani ya kujua mambo ya taiti yangu? Nikamaliza hoja, nikalala usingizi. Ilinitosha kwa miezi kadhaa.

Mwezi Agosti akaja dukani binti wa miaka kumi na tisa, mtu wa Kisarawe, mchangamfu, ananiita dada. Viti hatuna. Siku moja mchana, duka halina wateja, akaketi juu ya jora la satini nyeupe lililokuwa sakafuni. Aliponyanyuka, kila mtu aliona. Mzee aliona, vijana wa mizigo waliona, mimi niliona. Mzee alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mfanyabiashara: mita mbili zimeharibika, na mteja wa harusi anaisubiri satini ile. Akasema atazikata kwenye malipo yake. Hilo lingeweza kuvumilika. Kisha akaninyooshea mimi kidole.

"Mbona dada yako huyu? Mwaka wa tatu yuko hapa, hajawahi kuniletea mambo haya hata siku moja. Huo ni uchafu wako tu."

Msomaji, siku ile mimi nilikuwa mwezini. Siku ya tatu. Nilikuwa nimesimama pale pale, pedi mbili, kanga imekunjwa mara nne, baibui jeusi, nakunja vitenge. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Nikaendelea kukunja. Vijana wakacheka, binti akajifunga kitenge kiunoni akaondoka kichwa chini. Jumatatu hakuja. Wala Jumanne. Hakuja tena.

Ndipo utetezi wangu wote ukaporomoka kama ghala la mchanga. Nilidhani uongo wangu hauna wa kumdhuru kwa sababu siku niliposema "malaria" pale dukani tulikuwa wawili tu, Mzee na mimi. Sikujua kwamba uongo unaweza kuweka akiba. Miaka mitatu wa kwangu ulikuwa unakusanya ushahidi, na siku ya kesi ukatoa ushahidi dhidi ya mtu mwingine kabisa. Na tumtendee haki Mzee: alisema alichokiona. Kwa macho yake mwanamke safi ni yule asiyetoka damu, na aliyemfundisha hivyo ni mimi. Kila mmoja wetu anayefaulu kuificha kabisa anaongeza urefu wa ukuta, na anayekuja nyuma yake, mwenye damu nyingi au pesa kidogo au uzoefu mdogo, ndiye anayeanguka.

Utaniuliza: kwa hiyo tutembee tukijitangaza? Februari 14, 2023, Seneta Gloria Orwoba wa Kenya aliingia katika Seneti na suruali nyeupe yenye doa jekundu. Baadhi ya wenzake walilalamika, Spika akamtaka atoke akabadilishe. Wengine walimshangilia, wengine wakasema ni mchezo wa siasa. Mimi namheshimu. Lakini Seneta akitolewa nje ya ukumbi bado ni Seneta, na muuza duka akitolewa nje ni mtu asiye na kazi. Sheria ya maadili inayomtaka kila msichana awe shujaa kila mwezi ni sheria ya watu wachache. Zaidi ya hapo, kumlazimisha mtu ajitangaze ndiyo fedheha ile ile, imevishwa nguo mpya tu. Haya yangu ni yangu. Siitoi sadaka ili nionekane nimeendelea.

Basi tumefika kwenye kona. Nikinyamaza namwangusha mwenzangu. Nikisema najivua nguo. Je, hakuna njia ya tatu?

Nilianza kudadisi jinsi mataifa yalivyolishughulikia, nikaona kitu. Japani wana likizo ya hedhi katika sheria yao ya kazi tangu 1947, lakini wanaoiomba ni wachache sana, kwani kuomba ni kumwambia bosi. Hispania walipitisha yao mwaka 2023, ila unahitaji cheti cha daktari. Zambia ndiyo waliniacha mdomo wazi. Katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2019, mfanyakazi wa kike ana haki ya siku moja kila mwezi, bila cheti cha daktari na bila kumpa mwajiri sababu. Wanaiita Siku ya Mama, hata kwa asiye na mtoto. Soma tena: *bila kutoa sababu*. Hapo haki imekuja na pazia lake. Haimlazimishi mtu kudanganya, wala haimlazimishi kujifunua.

Lakini nisijidanganye. Mimi nalipwa kwa siku, na siku nisiyofanya kazi sili. Likizo ya mtu wa kibarua ni njaa yenye jina zuri. Sisi wa Kariakoo tunahitaji kitu kidogo zaidi na cha karibu zaidi: kwamba nikiwa kazini, niweze kuwa na mwili huu na bado nifanye kazi.

Na kuna jambo lililonitia aibu ya namna nyingine. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema bei madukani hazikushuka. Kenya waliiondoa ya kwao tangu 2004. Ukiona ni sawa au si sawa, hiyo ni hoja nyingine. Ninachosema ni kwamba jambo hili lilitajwa bungeni, kwenye kipaza sauti, na waheshimiwa wa suti. Nchi nzima ilisikia neno hilo. Mimi tu, mwenye mwili wenyewe, ndiye niliyekuwa nasema "malaria".

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo hakijaniumbua, ila ngazi iliniumbua. Mwezi Oktoba nilipanda kuchukua jora, dunia ikazunguka, nikashuka kwa kuanguka. Safari hii nilikwenda hospitali ya kweli kwa sababu ya kweli. Walipima damu: 8.4, ilhali kwa mwanamke asiye mjamzito ikishuka chini ya 12 anahesabiwa ana upungufu. Wakapiga altrasaundi, wakaona uvimbe katika kizazi. Nilitetemeka, daktari akanituliza: uvimbe wa aina hii ni jambo la kawaida kwa wanawake, na kwa kawaida si saratani. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikaambiwa nisivinywe na chai kwani chai huzuia chuma kisiingie mwilini, bora maji na chungwa. Nikapewa na dawa ya kupunguza damu ya kumeza zile siku nzito tu. Kisha akauliza, "Hali hii umekuwa nayo tangu lini?" Nikahesabu. Miaka minne. Katika miaka hiyo nilikuwa nimeugua "malaria" kumi na ngapi sijui, na hakuna hata moja iliyotibiwa.

Kwa hiyo ukirudisha mizani yetu ya mwanzo, uongo ule ulikuwa umemdhuru binti wa Kisarawe, na ulikuwa umenidhuru mimi. Aliyefaidika simwoni.

Nilipopata nguvu nilifanya kile ambacho kwa mila zetu kinawezekana. Sikumwendea Mzee, nilimwendea mkewe, mama anayemletea chakula siku za Ijumaa. Nikamweleza yote: ufunguo, droo, gazeti mkobani, satini. Alinisikiliza kimya. Akasema, "Kumbe na wewe? Mimi kizazi changu kilitolewa kwa ajili ya damu hiyo hiyo. Na Mzee ndiye aliyenipeleka hospitali, ndiye aliyekuwa ananifulia."

Nilikosa la kusema. Yaani mikono ile ile iliyofua damu nyumbani ndiyo iliyonyoosha kidole dukani. Nyumbani alikuwa mume, dukani akawa tajiri, na kati ya watu hao wawili hakuna aliyekuwa amepitisha habari. Sikumwona tena Mzee kama mtu asiyejua. Alikuwa anajua, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua nyumbani kinahusu na dukani.

Wiki iliyofuata nilikuta ufunguo wa choo umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma. Unachukua, unarudisha, huombi. Chooni kukawa na ndoo ya taka yenye kifuniko. Dukani vikaja vigoda viwili vya plastiki. Mzee hakusema neno, nami sikusema neno. Tangu siku ile sijawahi kuugua malaria.

Ungependa niishie hapo, na mimi ningependa. Lakini msumari ule uligongwa baada ya mtu kuondoka, na zile mita mbili hazikurudishwa.

Nilimtafuta binti yule nikampata soko la Karume, anauza blauzi za mitumba. Amenenepa kidogo, bado mchangamfu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia nilichokuwa nimekibeba: kwamba siku ile ya satini na mimi nilikuwa mwezini, na nilinyamaza.

Akasema, "Nilijua, dada."

"Ulijuaje?"

"Nilikuona asubuhi unakunja kanga chooni, mlango haukufunga vizuri."

"Sasa mbona hukusema? Mzee aliponinyooshea kidole, ungemwambia tu, hata huyu yuko hivyo hivyo."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningesemaje? Ilikuwa siri yako."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Karume, nafikiri. Miezi yote nilikuwa natafuta katika vichwa vya wanasheria na maseneta tofauti ya sitara na uongo, na msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa ameimaliza kwa kukaa kimya dakika moja. Alikuwa na ukweli mdomoni ambao ungemwokoa, akaufunika ili mimi nisifedheheke. Mimi nilikuwa na ukweli ule ule, nikaufunika ili mimi nisifedheheke. Kimya chake na kimya changu vililingana kwa sauti. Tofauti ni nani aliyefunikwa. Sasa nadhani sitara ni pazia unalomfunika mwenzako. Ukijifunika wewe tu, na mwenzako akabaki uchi mbele yako, hata uliite heshima, hilo ni ficho.

Sijui kama maadili haya yanatosha kwa kila hali. Naleta, mtanipinga. Yuko dada atakayesema bosi wake hana mke wa kuambiwa, au anaye na ni mkali kuliko yeye. Kweli. Kwa huyo sina jibu la msumari. Nina jibu dogo tu: siku mwenzio akinyooshewa kidole, usiendelee kukunja vitenge. Huhitaji hata kujitaja. "Mzee, hiyo ni hali ya wanawake wote" ni maneno saba tu, na baibui lako linabaki mwilini.

Neno la mwisho kwa waandishi wenzangu. Niliporudi kwenye kaunta buku langu niliona kitu cha kuchekesha. Shujaa wangu wa kike anafanya kazi kiwandani kwa miezi tisa ya hadithi. Anapendwa, anaachwa, anapigana na msimamizi, anatoka damu mara moja tu, alipokatwa na kisu. Nikakumbuka riwaya nilizozisoma tangu shule: damu ya bunduki na mapanga imemwagika kurasa kwa kurasa, hakuna anayeona haya kuiandika. Hii nyingine, ambayo haikutoka kwa kuua mtu, tumeificha chini ya kanga nyingine. Mimi nami, mwenye mwili huu, nilikuwa nimemdanganya msomaji wangu kama nilivyomdanganya Mzee.

Nimeongeza sura. Ni fupi, kurasa mbili. Ndani yake msichana anaomba ufunguo mara ya tatu, na msimamizi anatazama saa. Bado sijaandika anachojibu. Wewe ungemjibuje?